Ukurasa Uliotangulia Mahakama

Jumatatu, 2 Machi

Nilipoteza kinu changu tarehe 19 Februari, saa nne na dakika kumi asubuhi. Mashine mbili za kusaga, moja ya kukoboa, mizani ya kilo mia tatu, na chumba chenyewe chenye milango miwili. Aliyekifunga ni mdogo wangu wa tumbo moja, yule ambaye tangu anatambaa tunamwita Kibonge. Alikuja na makufuli mawili mapya na karatasi ya marehemu baba inayosema kiwanja ni cha mtoto wa kiume. Kiwanja kilikuwa kichaka. Kinu nimekisimamisha mimi, miaka kumi na saba sasa, kwa akiba ya tangu nilipokuwa msichana wa kuchotea watu maji kwa ndoo mbili. Baba hakuwahi kupigilia hata msumari.

Nimefungua shauri. Mahakama iko kilomita kumi na nane kutoka kwangu, na karani wa masjala hapokei simu. Tarehe huko hubadilishwa kama nguo, na usipojua zimebadilika umekwisha: mdai asipofika, shauri lake linafutwa. Langu likifutwa, kinu ndiyo basi tena.

Ila mahakama ina tovuti, na kila shauri lina ukurasa wake. Jirani yangu mwenye steshenari, mwanamke asiyeamini kitu mpaka kichapwe, kaniwekea kwenye simu programu inayoutazama ukurasa wangu kila baada ya dakika kumi na tano. Neno likiongezwa naletewa kwa rangi ya kijani. Likifutwa, nyekundu. Kaniambia sasa nina mlinzi asiyesinzia wala kuomba ruhusa ya kwenda msibani.

Jumanne, 3 Machi

Ujumbe tisini na sita tangu jana. Kila dakika kumi na tano simu inalia, nakimbia kutazama, hakuna kitu. Jirani kacheka mpaka akakaa chini. Kumbe mwisho wa ukurasa kuna namba inayohesabu mara ambazo ukurasa umetazamwa. Mlinzi wangu akiutazama, namba inapanda. Akirudi anaona imepanda, anapiga kelele. Siku nzima nimejifuatilia mwenyewe.

Tumemwelekeza atazame jedwali la shauri tu: tarehe, waliofika, kilichoamuliwa. Basi.

Jumatano, 4 Machi

Kimya. Mvua ya kwanza, ndogo, ya kulowesha vumbi.

Alhamisi, 5 Machi

Ile namba ya chini nimeisoma leo na jana, saa ile ile. Imepanda 192. Mlinzi wangu anatazama mara 96 kwa siku. Nani kazitazama zile 96 nyingine, bila kupungua hata moja?

Jumatano, 11 Machi

Saa nane na robo mchana simu imelia. Kijani: "12/3. Mdai amefika. Mdaiwa hakufika, anaumwa tumbo. Imeahirishwa hadi 2/4."

Tarehe 12 ni kesho.

Saa nane na nusu imelia tena. Maneno yale yale, nyekundu. Yamefutwa. Nikaingia kwenye ukurasa mwenyewe: jedwali tupu kama mlinzi hakuona kitu. Lakini picha ya dakika zile ninayo. Nimeichapisha kwa jirani, nakala mbili.

Alhamisi, 12 Machi

Nimefika mahakamani saa moja na dakika hamsini. Tumeitwa saa nne. Kibonge hakuja. Kaja wifi yangu, mkewe, na cheti cha zahanati: tumbo. Hakimu kaahirisha hadi tarehe 2 Aprili.

Nilimwangalia karani wa masjala, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, anaandika bila kuinua uso. Nikajisemea, hawa wamekula sahani moja. Kibonge kampanga karani, karani kaandika mapema, kakosea kayaachia hadharani. Kwa akili yangu hilo linaeleweka, hata kama linachefua.

Ijumaa, 13 Machi

Nimepita kwenye kinu. Makufuli yako palepale. Ndani nilisikia panya. Kilo elfu moja na mia moja kwa siku, mara siku ishirini na mbili. Sitaki hata kumalizia.

Jumanne, 24 Machi

Mvua.

Jumatano, 1 Aprili

Saa nane na robo tena. "2/4. Wote wamefika. Makufuli yatiwe muhuri wa mahakama. Mdai aliomba maji ya kunywa. Imeahirishwa hadi 23/4."

Saa nane na nusu, nyekundu.

Makufuli kutiwa muhuri niliomba mwenyewe kwa barua, hilo karani anajua. Mambo ya maji sijamwambia mtu. Sina hata kiu.

Alhamisi, 2 Aprili

Naandika hili taratibu ili lisinipite.

Asubuhi nilikunywa lita moja nzima kabla ya kutoka. Nikabeba chupa nyingine. Mimi si mtu wa kuombaomba, na leo niliapa sitaomba maji hata ulimi ukauke ukawa kama ngozi ya ngoma. Langoni askari kaniambia chupa haziingii tangu jana, agizo jipya. Nikaiacha. Nikaingia.

Hakimu alikuwa anasoma agizo la muhuri. Mvua ilikuwa inapiga bati, dari limelowa, na kipande cha chokaa kikadondoka karibu na kiti changu, vumbi likanipanda kooni. Nilijizuia. Nilihesabu hadi thelathini na saba. Halafu nikasikia sauti inasema, "Naomba maji." Sauti yangu. Kinywa kilitangulia, mimi nikafuata.

Aliyeniletea ni Kibonge. Aliinuka bila kuulizwa, akatoka, akarudi na kikombe cha plastiki, akakishika mpaka nilipokipokea vizuri, kama mtu anayemnywesha mgonjwa. Tangu Februari hatujasimama karibu hivyo. Amekonda. Jina lake limeanza kuwa dhihaka.

Alininong'oneza neno moja: "Umeona?"

Nikadhani anauliza kama nimeuona wema wake. Nikamrudishia kikombe.

Ijumaa, 3 Aprili

Nimekwenda masjala na picha zangu mkononi. Karani hakukana, na hicho ndicho kilichonichanganya. Kafunga mlango, kavua miwani, kaniambia siku za mashauri mtandao unalemewa, hakuna kinachoandikika, kwa hiyo yeye ana mtindo wake. Anaandika ya kesho leo, mchana wanapokwenda kula, anayahifadhi. Mara nyingine anabonyeza pasipostahili, yanatoka hadharani, anawahi kuyaondoa. Kasema mambo yenyewe ni yale yale: mtu kaja, mtu hakuja, imeahirishwa. Anabahatisha, na habahatishi vibaya.

Nikamkubalia, maana jana nilihesabu ubaoni: mashauri thelathini na saba, thelathini na matatu yameahirishwa. Hata mimi ningebahatisha. Nikaanza kumwona binadamu: mtu mmoja, kompyuta moja, mafaili mpaka darini.

Kisha nikamwonyesha mstari wa maji.

Akawasha mashine yake, akanionyesha anapojaza. Kuna nafasi ya kuchagua waliofika, nafasi ya agizo, nafasi ya tarehe. Hakuna mahali pa kuandika kwamba mtu kaomba maji.

"Mama," akasema, "haya ya mwanzo ni yangu. Haya ya maji sijui yameingilia wapi."

Nikamuuliza na tumbo la mdogo wangu je. Akavaa miwani, akasema ana watu wanamsubiri. Nje hapakuwa na mtu.

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua siku ya sita. Nguo hazikauki. Namba ya chini inapanda 192 kila siku, kama saa.

Ijumaa, 17 Aprili

Kimya.

Jumatano, 22 Aprili

Nilikuwa nimekaa na simu mapajani tangu saa nane kasoro. Saa nane na robo: "23/4. Wote wamefika. Mdai aliulizwa alivyoanza. Mdaiwa alilia." Hakuna tarehe nyingine iliyoandikwa. Saa nane na nusu, nyekundu.

Nikampigia karani. Leo kwa mara ya kwanza kapokea, na nyuma yake nilisikia mbuzi. Yuko kwao likizo tangu Jumatatu. Nikamsomea. Akasema nywila anayo yeye peke yake, na huko aliko mtandao ni wa kupanda kilimani.

Alhamisi, 23 Aprili

Hakimu kaniuliza kinu nilikianzaje. Nikawaza kujibu kwa ufupi, miaka na mashine, nisimpe mtu sababu ya kulia. Lakini mahakamani ukiulizwa unasema kweli. Nikasema nilianza nikiwa na miaka kumi na minne, ndoo mbili, safari tisa kwa siku, na safari zote tisa mdogo wangu alikuwa mgongoni kwangu, kwa sababu mama alikuwa amelazwa na hakukuwa na mtu wa kumwachia. Nikasema nilikuwa namhesabia hatua kwa sauti ili asilie.

Nikasikia kiti kikilalamika. Kibonge alikuwa ameinama, mabega yanacheza. Mtu mzima, baba wa watoto watatu. Ukumbi mzima ulitazama chini isipokuwa mimi. Mimi nilitazama saa ya ukutani, maana nilijua tangu jana.

Hakimu kasema tarehe 14 Mei ndiyo ya mwisho, saa tatu kamili, shauri letu la kwanza. Hataahirisha tena hata paa likidondoka. Mdai asipofika, shauri linafutwa na makufuli anabaki nayo mdaiwa. Mdaiwa asipofika, atausikiliza upande wangu peke yake na kunipa haki yangu. Wote tusipofika, limefutwa vilevile.

Ijumaa, 24 Aprili

Nimerudi masjala. Yupo binti wa kushikilia nafasi. Hana nywila, kaambiwa asubiri. Kompyuta ya karani imefunikwa kitambaa, na juu ya kitambaa pana vumbi la siku nne. Nililigusa kwa kidole.

Jumamosi, 2 Mei

Naota mvua, naamka naikuta.

Jumatano, 6 Mei

Saa nane na robo. Siku nane kabla.

"14/5. Mdai hakufika. Shauri limefutwa."

Nikasubiri saa nane na nusu. Hakuna nyekundu. Saa tisa kasorobo, hakuna. Saa kumi, saa kumi na mbili. Mstari haujafutwa. Umekaa hapo kama jiwe.

Sijaumwa siku moja mwaka huu. Nina miguu miwili na nauli. Kitu gani kitanizuia nisifike? Nimekaa nikapanga vyote vinavyoweza: homa, basi, daraja, ukuta, umeme, mtu. Nimefikia kumi na nane nikaacha.

Ijumaa, 8 Mei

Kibonge kaja nyumbani. Saa tano asubuhi, mvua imemlowesha, kasimama mlangoni kama mgeni. Nilitaka kumfungia nje. Nikampa taulo.

Hakuzunguka. Akatoa simu yake, akaiweka mezani. Kijani na nyekundu, mistari yote ninayoijua, saa zile zile. Jirani yangu wa steshenari kamwekea naye programu ile ile, wiki ile ile, na hakuniambia, kwa sababu mteja ni mteja. Kwa hiyo zile 96 nyingine zilikuwa zake. Miezi miwili na zaidi ndugu wawili tumekaa kila mmoja kwenye dirisha lake tukiukodolea macho ukurasa mmoja.

Akasema siku ile ya tumbo alikuwa mzima kama mimi. Alisoma kwamba anaumwa, akacheka, akala chakula chake. Alfajiri hakuweza kusimama. Tangu hapo hacheki. Ukurasa haujakosea hata neno.

"Dada, tarehe kumi na nne usitoke humu ndani," akasema. "Jifungie. Mstari unasema hukufika, basi usifike kwa kukaa kitandani kwako. Usiuache uchague njia nyingine."

Nikamwambia maneno mazuri hayo, na yatakupa kinu changu bure.

Akasema ndiyo, yatampa. Kinu anaamini ni chake, karatasi ya baba iko wazi, hilo hajalibadilisha na hatanidanganya.

"Lakini sitaki kukipata hivi."

Nikamtazama. Kama anaigiza, basi amejifundisha kuigiza na mifupa. Kama haigizi, basi ndugu yangu amekuja kwenye mvua kunisihi nimwachie aninyang'anye ili nisife. Nilishindwa kuchagua. Nikamwambia nitafika mahakamani hata kwa machela. Aliposimama kuondoka alinikumbusha nibebe sweta, ukumbi ule una baridi.

Jumapili, 10 Mei

Mstari haujafutwa. Jirani kaniomba radhi kwa kunificha habari ya simu ya Kibonge. Nikamuuliza programu inaweza kuona kitu kisichokuwepo? Kasema haina akili ya kubuni, inaona kilichoandikwa tu.

Jumatatu, 11 Mei

Nimehama. Nimepanga chumba nyumba ya wageni inayotazamana na lango la mahakama. Nimetembea kuhesabu: hatua 212 kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha mdai. Hakuna basi, hakuna daraja. Barabara ya kuvuka ni moja, upana hatua tisa. Nakula mkate niliokuja nao, maji nachemsha mwenyewe. Wakitaka nisifike, waje wanibebe.

Jumanne, 12 Mei

Nimetembea zile hatua mara sita. Askari wa langoni kaniuliza kama nimeajiriwa hapa.

Jumatano, 13 Mei

Saa nane na robo. Nyekundu: "Mdai hakufika. Shauri limefutwa." Mstari huo umefutwa.

Na kijani, mahali pale pale: "Mdai amefika. Mdaiwa hakufika. Kinu ni cha mdai."

Sitajifanya mtakatifu. Nilipiga magoti nikashukuru. Nilishaanza kupanga: Ijumaa kuvunja muhuri, Jumamosi kufagia, Jumatatu kusaga. Robo saa nzima nilikuwa mwenye kinu.

Halafu nikasoma tena, neno kwa neno, kama ninavyosoma mizani. Tumbo la siku ile liliandikwa. Hapa hakuna sababu. Hakuumwa, hakuitwa, hakuzuiwa. Hakufika. Maneno yale yale yaliyokuwa yangu tangu tarehe sita. Hesabu haikufutwa, imehamishwa. Mimi nilijiondoa kwenye mstari kwa hatua zangu 212, nafasi ikabaki wazi, na katika shauri letu watu ni wawili tu.

Nikampigia. Alikwisha kuona. Sauti yake ilikuwa tulivu kuliko siku zote, akasema afadhali. Nikamwambia basi kesho ajifungie yeye, akae na mkewe na wanawe, asitoke. Akasema mimi nilikataa kujifungia, kwa nini yeye akubali? Atakuja na basi la kwanza, aitetee karatasi ya baba, anishinde mchana kweupe. Tukabishana kama zamani, mpaka salio langu likaisha.

Saa kumi na mbili jioni mstari haujafutwa.

Alhamisi, 14 Mei

Saa mbili na dakika ishirini na tano. Mvua imekatika, ya kwanza kukatika asubuhi tangu Aprili. Barabara inatoa moshi.

Wifi kasema Kibonge katoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Kwa basi ni dakika arobaini. Mabasi matatu ya njia hiyo yameshashusha hapa langoni, nimehesabu watu mmoja mmoja: kumi na wanne, ishirini na mmoja, tisa. Hayumo. Simu inaita mpaka inachoka. Nimepiga mara kumi na moja.

Ninanakili hapa ujumbe niliomtumia sasa hivi, uwepo mahali ambapo hakuna wa kuufuta:

"Kibonge. Ni saa mbili na dakika ishirini. Nimesimama nje ya lango, hatua tatu tu nje, na sweta nimevaa. Ukurasa unasema nimefika. Sijafika. Nikiingia, nusu ya kwanza ya mstari itakuwa kweli, na mpaka leo haujawahi kuwa kweli nusu. Kwa hiyo sitaingia mpaka nikusikie. Wakiniita nitawatazama tu. Wafute shauri, makufuli yabaki yako, uwe na kinu na karatasi yako, nitaanza tena na ndoo mbili, mikono ninayo. Lakini wewe uwepo ili ukiendeshe. Usinitumie salamu, usiniambie unakuja, usiniambie nisiwe na wasiwasi. Nataka kitu kimoja: uko wapi? Jina la mahali, na unachokiona mbele yako. Nijibu kabla ya saa mbili na dakika hamsini na tano."